Nyumba ya Nusu Inchi kwa Futi

Baba yangu hakuwa mtu wa kuombwa kitu akakubali papo hapo. Ukimwomba mara ya kwanza anakutazama, mara ya pili anaguna, mara ya tatu anakuuliza kama huna kazi ya kufanya. Kwa hiyo siku mama alipomwambia, wamekaa sebuleni kwangu na vikombe vya chai mkononi, kwamba anataka amtengenezee ile nyumba yao ya kota, nilijua hapo tuna safari ndefu.

"Nyumba gani?" akauliza baba. "Ile si ilishavunjwa?"

"Najua ilivunjwa, Mzee. Nataka ndogo. Ya kushika kwa mikono."

Baba akamtazama. Mama hakujua kama anatazamwa. Macho yake yalikuwa yamezimika kabisa. Presha ya macho ilianza kula pembeni, sisi tukadhani ni habari ya miwani, na tulipofika hospitali kubwa daktari alituambia kwa upole kwamba kilichokwenda hakirudi. Baada ya hapo niliwachukua wote wawili wakaja kukaa kwangu. Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho kiwanda changu, na huko nyuma vyumba vya kulala vilitutosha.

Nyumba ya kota ndiyo waliyoingia walipooana, na ndiyo waliyotoka baba alipostaafu reli. Mimi nimezaliwa humo. Baadaye reli waliuhitaji uwanja, safu nzima ya nyumba ikaangushwa, na sasa yamesimama maghala ya bati. Mama alipokuwa anaona hakuwahi kuililia nyumba ile. Alianza kuililia alipoingia gizani, na sababu yake aliniambia asubuhi moja nikimsuka nywele.

"Zamani nilikuwa nikikaa kimya naiona yote," alisema. "Mlango, jiko, ile kona ya ndoo. Sasa inachanganyika. Nataka kwenda jikoni kwangu kule, najikuta nipo jikoni kwako. Nyumba yako inaingia ndani ya nyumba yangu, mwanangu. Kidogo kidogo itaimaliza. Na mimi sina tena macho ya kwenda kujitafutia nyingine."

Maneno hayo yaliniuma. Nikamfuata baba uani nikamrudia yote kama nilivyoyasikia, naye akaguna. Nikamfuata mara ya tatu, akaniuliza kama nimemaliza kushona nguo za watu. Ndivyo alivyokuwa. Kule karakana ya reli, alikofanya useremala wa mabehewa tangu ujana, wenzake walimwita Msasa, na yeyote aliyekaa naye siku nzima hakuuliza kwa nini.

Kilichomwinua ni kitu kidogo. Mama alikuwa anapita ukumbini akajigonga bega kwenye kabati langu la vitambaa, akarudi nyuma hatua moja, akaliambia kabati, "Samahani." Alidhani ni mtu. Baba alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti. Alimwona mkewe akingoja ajibiwe na kabati, kisha akaondoka huku akipapasa ukuta. Baba akavaa viatu, akatoka bila kuaga. Alirudi jioni na ubao wa plaiwudi ya milimita tatu kwapani, chupa ya gundi, msumeno mwembamba, na rula mpya ya chuma.

Mchoro wa kota aliuomba kwa mchoraji ramani wa zamani wa reli, rafiki yake, ambaye alikuwa nao kwenye bomba la plastiki juu ya kabati. Tuliutandaza kwenye meza ya uani tukaubana kwa mawe pembe nne. Ulikuwa mchoro safi kabisa, umeandikwa vipimo vyote kwa futi na inchi, na inchi zenyewe zimekatwa vipande vya nusu, robo, tatu juu ya nane, kumi na moja juu ya kumi na sita. Rula mpya ya baba ilikuwa ya milimita tupu. Rula yake ya zamani ya kukunja, iliyokuwa na inchi, ilikuwa imefutika namba kwa kushikwa hata ukiisoma ni kama unabahatisha.

"Tutafanya nusu inchi kwa futi," alisema baba. Maana yake, kila futi moja ya nyumba halisi iwe nusu inchi ya nyumba ya mezani, na kwa kuwa futi moja ina nusu inchi ishirini na nne, nyumba yetu ingekuwa ndogo kuliko yenyewe mara ishirini na nne. Ingekaa mapajani kwa mtu.

Mimi inchi nazijua kama jina langu. Futi kamba ya fundi cherehani ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, na mteja anapima kiuno kwa upande anaoupenda yeye. Kwa hiyo nikajiweka kwenye kazi hiyo bila kukaribishwa. Nilichukua kalkuleta yangu ya dukani, nikamwonyesha. Mlango wa jikoni: futi mbili, inchi saba na tano juu ya nane. Futi mbili ni inchi ishirini na nne, ongeza saba, thelathini na moja. Tano juu ya nane, gawa tano kwa nane, ni nukta sita mbili tano. Zidisha yote kwa ishirini na tano nukta nne, unapata milimita mia nane na tatu na ushee. Gawa kwa ishirini na nne: thelathini na tatu na nusu, kasoro unywele.

"Ishirini na tano," alisema baba.

"Ishirini na tano nukta nne. Inchi moja ni ishirini na tano nukta nne."

"Nukta nne imeliwa na msasa."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao ya karakana. Mabehewa yalichorwa kwa inchi, mbao mpya zikawa zinakuja kwa milimita, na mafundi hawakuwa na muda wa kubeba desimali mgongoni. Wakakubaliana inchi ni ishirini na tano, na hicho kinachobaki ni chakula cha msasa. Kwa mlango wa behewa ilifaa sana, kwa sababu mlango ukipungua kidogo unafunguka vizuri zaidi, balaa ni ukizidi. Baba alikuwa ameishi ndani ya sheria hiyo tangu ujana na hakuona sababu ya kuhama uzeeni. Tulibishana mpaka mama akatuambia kutoka ndani kwamba anataka nyumba, hakuomba kesi.

Tukagawana kazi kwa hasira. Mimi nikachukua sakafu na paa, yeye akachukua kuta. Kuta zake alizihesabu kichwani kwa ishirini na tano, na kila kipande akikipata na desimali anaitupa, anachukua namba kamili. Ukuta wa mbele ulikuwa na vipande saba: ukuta, dirisha, ukuta, mlango, ukuta, dirisha, ukuta. Mara saba alitupa. Ulipofika wakati wa kuusimamisha juu ya sakafu yangu, ukuta uliishia njiani.

Hakuniambia. Niliporudi kutoka sokoni kununua nyuzi nikakuta nyumba imesimama, nadhifu, imepakwa rangi ya maziwa. Aliusogeza ukuta wote upande mmoja, na upande wa pili pale palipobaki wazi akabandika kijiti chembamba akakipiga msasa mpaka kikawa kimoja na ukuta. Kwa macho usingekiona. Mimi nina macho mazuri na sikukiona.

Tukampa mama. Alikaa kwenye mkeka, nyumba mapajani, akaanza kuipitia kwa ncha za vidole bila haraka. Uso wake ulikuwa umetulia. Akafika kwenye pembe ya mbele, akapita, akarudi, akapita tena kwa ukucha.

"Hapa umeziba kitu," alisema.

Baba akasema ni gundi.

"Si gundi. Umeziba. Na ukuta huu mfupi. Kutoka mlangoni kwenda dirishani nilikuwa naweka ndoo mbili na stuli. Hapa haviingii."

Nikachukua rula. Upungufu ulikuwa karibu milimita tisa. Nikazidisha kwa ishirini na nne kwa raha ambayo Mungu anisamehe, nikamwambia baba kwamba kwenye nyumba yenyewe hapo pangekuwa na upenyo wa zaidi ya inchi nane, paka angeingia bila kuinamisha mkia. Hakucheka. Aliichukua nyumba kutoka mapajani mwa mkewe, akaenda nayo uani, akaibomoa kuta zote nne. Kisha akarudi mlangoni kwangu akasimama.

"Nipe hiyo kalkuleta yako," alisema.

Kwa baba yangu huko ndiko kuomba radhi. Toka siku hiyo alihesabu kila kipimo kwa nukta nne yake, na akashika sheria niliyompa mimi, kwamba desimali haitupwi njiani, inabebwa mpaka mwisho wa hesabu ndipo unapunguza. Urefu wote wa mbele, futi ishirini na sita na inchi tatu, ulitoka milimita mia tatu thelathini na tatu na theluthi moja na kidogo, na vipande saba vilipojumlishwa vikafika hapo hapo. Nilimwona akivijumlisha mara ya pili, kisha akapitisha kiganja kwenye meza kufuta vumbi ambalo halikuwapo. Alifurahi. Nikafurahi naye.

Safari hii tulimpa nyumba nzima: vyumba viwili, jiko la nyuma, veranda ya mbele, paa linaloinuka kama kifuniko ili mkono uingie ndani. Milango ilikuwa na bawaba za kitambaa nilizokata mimi. Mama aliinua paa akaliweka pembeni. Akaingia kwa mlango wa mbele, vidole viwili, akawa anatembea.

"Hapa meza," alisema. "Hapa redio yako. Hapa ulianguka na ngazi siku ya kupaka chokaa, ukamlaumu paka." Baba akaguna, lakini kwa sauti nyingine. "Hapa chumbani kwetu. Hapa huyu alizaliwa, mkunga amechelewa." Huyu ndiye mimi. Alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka bila kuyafuta, na mimi nilikuwa nimekaa karibu yake nikimshukuru Mungu kimyakimya, kwani niliona nyumba imemrudia.

Akatoka verandani. Vidole vikaenda mpaka mwisho wa veranda, upande wa kushoto, vikagota kwenye ukingo. Vikarudi. Vikaenda tena. Alitafuta hivyo mara kadhaa, na tabasamu likawa linamwisha.

"Chumba kiko wapi?" aliuliza.

Nikamwambia vyumba vyote vipo, viwili, ameshavishika.

"Sikuulizi wewe." Hakuwahi kunijibu hivyo tangu niwe mtu mzima. "Mzee. Chumba kiko wapi?"

Baba alisema mchoro hauna chumba hapo.

"Mchoro hauna. Nyumba yangu ilikuwa nacho."

Baba akainuka. Alisimama kidogo kama mtu aliyesahau alichoinukia, halafu akatoka, na lango la nje likalia.

Mama akanieleza, nyumba bado iko mapajani. Nilijua kwamba kabla yangu kulikuwa na kaka. Nilijua alitangulia akiwa mdogo, na kwamba alirithi jina la babu yetu, baba yake baba. Basi, hayo tu ndiyo niliyopewa, na nyumbani kwetu mtoto hakuchimba alichofichwa. Sikujua kwamba alipoanza kukua baba alimjengea chumba chake mwisho wa veranda kwa mbao kuukuu za mabehewa, hakupima wala hakuchora, alijenga kwa jicho. Sikujua kwamba baba hakumwita mwanawe kwa jina, alimwita "baba," kwa ajili ya yule mzee mwenye jina, na kila jioni akitoka kazini alipiga hodi kwenye mlango ule wa mbao kabla ya kuingia, mtoto akicheka kupigiwa hodi na mtu mzima.

Homa ilimshika akalala siku chache. Mama akawa analala chini kando ya kitanda. Asubuhi ya mwisho baba alimuaga mtoto kutoka mlangoni, akaenda kazini, kwa kuwa mtoto alionekana ana nafuu. Aliporudi alikuta watu wamejaa verandani.

"Hakuingia," alisema mama. "Alikaa nje na wanaume. Wakamtoa mtoto, akafuata. Baada ya mazishi alichukua nyundo akakivunja chumba, na akakivunja kutoka nje, ubao kwa ubao. Mguu wake haukukanyaga ndani. Wewe ulipozaliwa, veranda ilikuwa kama mchoro unavyosema."

Nilikasirika. Nasema kweli, sikuhuzunika kwanza, nilikasirika. Nilicheza kwenye veranda ile utoto wangu wote. Niliruka kamba hapo hapo, juu ya sakafu aliyolala kaka yangu mara ya mwisho, na wote wawili wakinitazama hakuna aliyefungua mdomo. Nilimwambia mama hivyo. Akanipapasa akaupata mkono wangu, akasema, "Tulikuwa tunafurahi kuona kuna mtoto anaruka hapo." Nikaenda kwenye cherehani yangu nikakaa bila kushona.

Nyumba ilirudishwa mezani uani, ikafunikwa shuka. Baba hakuigusa. Alikula, alilala, alijibu salamu. Mama naye hakuuliza tena, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu alianza tena kugonga vitu, na hata kabati hakuliomba radhi. Siku moja nilimkuta ukumbini amesimama katikati. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema, "Nimesahau nilikuwa nyumba ipi."

Hapo uvumilivu wangu ukaisha. Nikamfuata baba uani.

"Mjengee kile chumba," nikamwambia.

"Hakina vipimo."

"Ulikijenga mwenyewe."

"Kwa jicho. Nilikijenga kwa jicho." Alitazama ukuta wa jirani. "Unataka nikate nini? Niweke namba ya kubuni? Atajua. Alijua kijiti, hatajua chumba kizima?"

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba anatafuta pa kujificha, nikaona mikono yake. Ilikuwa imeung'ang'ania ukingo wa meza. Nikaufunga mdomo.

Mama alikuwa amesimama mlangoni nyuma yetu, ametusikia. Akasema, "Vipimo ninavyo mimi."

Akaniambia nimtandikie mkeka ukumbini, kichwa upande wa ukuta. Akalala chali. Akajisogeza mpaka utosi ukagusa ukuta, akanyoosha miguu.

"Nilikuwa nalala hivi," alisema. "Kichwa kimegusa ukuta wa nyumba, nyayo zimegusa mlango. Sikuweza kujinyoosha zaidi na sikuhitaji kujikunja. Basi urefu wa chumba ni mimi. Nipimeni."

Baba alikuwa ameingia, amesimama juu yake. Nilimpa futi kamba yangu. Alipiga magoti kwa taabu, magoti yake yalikuwa mabovu, akaishika ncha pale ukutani na mimi nikaivuta hadi kwenye nyayo. Wakati huo huo jirani yetu muuza maziwa akasukuma mlango wa mbele kama kawaida yake, akamwona mama amenyooshwa chini, seremala mzee anampima kwa futi kamba. Ndoo ikamtoka mkononi.

"Nipo, jirani," alisema mama kutoka mkekani, hakusogea. "Napimwa chumba. Jeneza bado."

Muuza maziwa akakaa kwenye kochi bila kukaribishwa, mkono kifuani. Mimi nikacheka, nikaona baba anatikisika mabega, na sikujua kama anacheka au analia, nadhani vyote.

Kipimo kilikuwa inchi sitini na moja na robo tatu. Baba akaanza kukiandika kwenye kipande cha plaiwudi kwa penseli.

"Subiri," nikasema. "Huyo ni mama wa leo."

Nimemshonea mama nguo zote tangu nilipojifunza kazi. Najua mwili wake kwa vipimo. Kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mguu alikuwa anapungua, mara nusu inchi, mara robo, kila nilipomkatia gauni jipya kwa kipimo cha zamani pindo lilizoa vumbi nikalipandisha. Uti wa mgongo wa mtu mzima unajikalia. Kwa jumla nilikuwa nimempandishia inchi moja na robo. Mama wa wakati ule, aliyelala kando ya kitanda kile, alikuwa inchi sitini na tatu kamili.

Baba akafuta, akaandika sitini na tatu. "Na upana?" aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza anauliza kitu juu ya chumba kile.

"Kitanda, halafu mimi, basi," alisema mama. "Bega moja kitandani, bega moja ukutani."

"Bega hadi bega ni kumi na sita na robo," nikasema. "Hilo halijabadilika. Lakini kitanda sikijui."

Mama angeweza kukisema kitanda, najua, lakini hakusema. Alibaki pale chini akimngoja baba.

"Kilikuwa benchi la behewa," alisema baba hatimaye. "La daraja la tatu. Nililikata miguu, likawa kitanda chake. Mabenchi yale yote ni inchi ishirini na moja na nusu." Kisha akaendelea, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Alisema ni treni. Alisema analala kwenye treni."

"Ndiyo," alisema mama.

Baba aliingia kwenye hesabu mwenyewe, mimi nilishika kalkuleta tu. Sitini na tatu mara ishirini na tano nukta nne, elfu moja mia sita nukta mbili. Gawa kwa ishirini na nne, sitini na sita nukta saba. Ishirini na moja na nusu jumlisha kumi na sita na robo, thelathini na saba na robo tatu; milimita mia tisa hamsini na nane nukta nane tano; gawa, arobaini kasoro kidogo sana. Hakutupa hata nukta. Alitoka uani akakata, na kwa vile kile chumba cha kweli kilikuwa cha mbao kuukuu hakukipaka rangi, alikiacha wazi, akakipiga msasa mwepesi tu ili mkono usichomwe. Ndani aliweka kibenchi. Mlango aliufanya ufunguke kuelekea verandani, hakuniuliza wala hakumuuliza mama.

Gundi ilipokauka aliileta nyumba akaiweka mapajani kwa mama, akakaa kwenye mkeka mbele yake. Mimi nilibaki nimeegemea fremu ya mlango wa kiwanda changu. Mama hakupitia vyumba vingine. Alikwenda moja kwa moja verandani, upande wa kushoto, mpaka mwisho, na vidole vyake vikakutana na mbao. Akavuta mlango kwa ukucha. Akaingiza kidole, akagusa kibenchi, akakigusa kwa urefu wake wote, akashuka chini kwenye ile nafasi ya kando, akakaa hapo muda mrefu. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kukubali.

"Ndicho," alisema.

Kisha akanyoosha mkono hewani kumtafuta baba. Akampata goti, akapanda hadi kwenye kiganja, akakishika kidole chake cha shahada, kinene, chenye kovu la msumeno. Akakivuta juu ya veranda ya plaiwudi mpaka mlangoni. Baba hakuvuta mkono. Alikisimamisha kidole kwenye kizingiti, nami niliona jasho limemtoka kipajini.

"Hodi, baba," akasema.

Mama ndiye aliyemwitikia.

"Pita," alisema. "Tulikuwa tunakusubiri."

Baba akaingiza kidole, akakiacha humo.